Nikiimba asante huku moyo umekauka, ni unafiki?

Mama wa Igombe

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mama wa dagaa hapa Igombe, Mwanza. Naomba mnisaidie jambo moja, na tafadhali msiniwekee mstari tu mkaondoka.

Mume wangu alipata kiharusi Machi mwaka jana, akiwa ziwani usiku. Wenzake walimrudisha alfajiri wamemlaza juu ya nyavu. Upande wa kulia umepooza na maneno yameondoka. Amebaki na "ee" na "hapana", na hata hayo anayachanganya. Anaweza kusema ee kumbe anakataa. Namgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, usiku na mchana. Kukikaribia kucha nashuka mwaloni kupokea mitumbwi, mwanangu wa pili anakaa na baba yake mpaka muda wa shule. Masika haya mvua imenikuta mara tatu nimeshaanika. Dagaa akinyeshewa anakuwa mweusi, anaishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mbalamwezi ikiwa kali ndiyo kabisa, dagaa hafuati taa, mitumbwi inalala nchi kavu na sisi tunalala hivyo hivyo.

Nina miaka 11 kwenye kwaya, sauti ya pili. Jumapili iliyopita tulikuwa na wimbo wa shukrani. Tulipofika kiitikio mdomo wangu ukafunga. Sikulia, sauti tu haikutoka. Nje ya kanisa mama mmoja akanishika mkono, kwa upendo kabisa, akasema Neno linatuagiza kushukuru kwa kila jambo, na kwamba labda uponyaji unachelewa kwa kuwa sishukuru. Tangu siku hiyo usingizi sina. Nimshukuru Mungu kwa kiharusi? Na nikiimba nisichokuwa nacho, si ndiyo wale wa Isaya 29, midomo iko karibu na moyo uko mbali? Niache kwaya kwanza?

Ndugu wa Nyegezi

Pole sana dada. Usiache kwaya. Tunakuombea.

Mwinjilisti, Sengerema

Mama, pole na mzigo. Nianze na hilo la uponyaji kuchelewa: usilibebe. Sijaona Yesu akimuuliza mgonjwa yeyote kama mke wake ameshashukuru.

Mstari wa 1 Wathesalonike 5:18, kwa Kigiriki unasema "katika" kila jambo. Kiswahili chetu kimeweka "kwa", na hapo wengi tunajikwaa. Sitakuficha kwamba Waefeso 5:20 inasema kushukuru "kwa mambo yote", na hapo Kigiriki hakitupi mlango rahisi. Ila mtazame Paulo huyo huyo rafiki yake Epafrodito alipougua karibu na kufa. Kwenye Wafilipi 2:27 haushukuru ugonjwa. Anasema Mungu alimhurumia Epafrodito, na yeye Paulo pia, asipate huzuni juu ya huzuni. Kwa hiyo mtume alijua kwamba huzuni ingemzidi, akaiandika barua nzima ya furaha na neno hilo likiwa ndani yake.

Kuhusu unafiki. Wale wa Isaya mioyo yao ilikuwa mbali na hawakujali. Wewe umekosa usingizi kwa kuogopa kwamba uko mbali. Soma Zaburi ya 88. Inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa kushukuru, na juu yake imeandikwa ni ya Wana wa Kora, yaani waimbaji. Ile ilikabidhiwa kwaya, mama. Mwombe mwalimu wenu awape na nyimbo za namna hiyo.

Binti wa Ukara

Dada yangu alikuwa ndani ya kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka, 20 Septemba 2018. Walikufa watu zaidi ya 220, pwani tunaiona kwa macho. Baada ya siku mbili akatolewa mtu mmoja akiwa hai na watu wakamtukuza Mungu kwa sauti. Mimi nilikuwa nimesimama na khanga ya kumfunikia dada. Niliwachukia kwa kushangilia, na mpaka leo sijui kama nilikosea.

Karibu mwaka mzima niliingia kanisani nikakaa kimya. Jumuiya yetu haikunisukuma. Mama mmoja mzee alikuwa anakaa pembeni yangu na anaimba kwa nguvu kidogo, upande wa sikio langu. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Nilikuwa naimba na sehemu yako." Marko 2, yule aliyepooza, Yesu aliiona imani ya waliombeba. Kaa kwenye mstari wako wa sauti ya pili, mama. Ukifunga mdomo, walio kushoto na kulia watakubeba.

Muuguzi mstaafu, Kirumba

Mama, nina swali la upande wangu. Mzee alikuwa anaimba zamani? Kiharusi kinachopoozesha kulia mara nyingi kimegusa upande wa kushoto wa ubongo, ndiko yalipo maneno. Nyimbo zinapita pia njia nyingine. Nimeona watu wasioweza kuomba maji wakatoa maneno ya wimbo waliouzoea. Si wote wanaoweza, usije ukaumia. Ila jaribuni, wimbo wa zamani, polepole, umpigie mdundo kwenye mkono wake wa kushoto.

Mama wa Igombe

Nimerudi wapendwa. Nilimwonyesha mwalimu wa kwaya majibu yenu. Alhamisi wakaja kufanyia mazoezi uani kwetu, kati ya vichanja vya dagaa. Tulimtoa mzee na godoro lake. Alikuwa besi, ndugu muuguzi, ndiko tulikojuana.

Niliufuata ubeti wa kwanza kimya, nampigia mdundo mkononi kama ulivyosema. Ubeti wa pili mdomo wake ukaanza kusogea. Akatoa "Bwana wangu", maneno mawili, na sauti yake ikashuka chini kabisa pale pale besi inaposhuka. Kisha akapotea tena, akalia, nami nikalia, kwaya ikaendelea.

Jana nilimwambia aombe maji kwa neno, hakuweza. Dagaa wa leo wamekauka vizuri. Usiku wakati wa kumgeuza nilijikuta nasema "wabeja, Baba", yaani asante kwa Kisukuma, sikuwa nimepanga. Kiharusi bado sijakishukuru. Jumapili nakwenda na sare yangu.