Kipindi cha muziki gredi ya 4: rekoda zapiga kelele, watoto hawataki kuimba

Mwalimu wa Barani, Malindi
Hamjambo walimu wenzangu. Watoto 54, rekoda 18 (zile filimbi za plastiki), kipindi dakika 35. Wakipuliza, wengine huziba masikio. Ukimwita mmoja aimbe mbele, anainamisha kichwa. Nianzie wapi?

Pumzi Moja
Mlio mkali hutokana na pumzi nyingi au tundu lisilozibwa vizuri. Kabla hawajashika rekoda, waweke kiganja mbele ya mdomo wapulize polepole, kama mtu anayepasha mikono joto, wakitamka "du". Mkono wa kushoto ukae juu. Wengi hutanguliza wa kulia kwa kuwa ndio wanaoandikia. Nota ya B ni gumba kwenye tundu la nyuma na kidole cha shahada. A, ongeza cha kati. G, ongeza cha pete.

Waambie wazibe kwa nyama ya kidole, si ncha. Mtoto abonyeze tundu kwa nguvu, kisha atazame kidole. Akiona duara kamili, sawa. Akiona nusu duara, pumzi inavuja hapo hapo.

Wagawe makundi matatu: 18 wapuliza, 18 wapanga vidole kwenye penseli huku wakitaja nota, 18 wapiga makofi kushika mapigo. Kundi la kupuliza libadilike siku nyingine, maana rekoda haitoki mdomo mmoja kwenda mwingine kabla haijaoshwa kwa sabuni. Maji yawe vuguvugu, yanayochemka hupinda plastiki.

Bint Langoni, Lamu
Kuhusu kuimba: usimsimamishe mtoto peke yake, tafadhali. Anachoogopa ni macho ya wenzake, wala si wimbo. Waite wanne wanne, nawe uwe kiongozi, wao waitikie. Mwalimu mwanamume aangalie sauti yake: akianzia chini, watoto humfuata hadi wakaishia kunguruma, kisha tunasema hawajui kuimba. Pandisha.

Huku kwetu watoto wamesikia matari ya Maulidi tangu wakibebwa, mapigo wanayo tayari. Waanze kwa makofi, kisha tari. Likitoa sauti butu, ngozi imenyonya unyevu wa bahari. Lianike juani kidogo, ulipige kila baada ya muda usikie, na uliondoe likishalia. Likisahaulika juani, ngozi hupasuka.

Mwana wa Kayamba
Hapo Malindi msisahau kayamba, ile ala bapa ya matete yenye mbegu ndani. Wale 36 wasio na rekoda wanaweza kuzishika kwa zamu. Ishikwe kwa mikono miwili, imelala sawa, ipelekwe kushoto na kulia, gumba zikigonga juu. Mkitengeneza wenyewe, mbegu zisijae: zikikosa nafasi ya kuteleza, sauti inakufa.

Mwalimu wa Barani, Malindi
Ahsanteni sana. Na wenye vidole vidogo wasiofikia matundu ya chini?

Pumzi Moja
Wabaki B, A, G muhula mzima. C ya chini yataka matundu yote yazibwe pamoja, moja likivuja mtoto husikia mlio ule ule aliokuwa akiuogopa. Nyimbo za nota tatu ni nyingi, na anayezipiga bila kelele huomba mwenyewe nota ya nne.