Kikao cha Arusi na Saa Zilizosogezwa Marekani

Kikundi: Ndugu wa Chumbageni
Jumapili, 9 Machi 2025

Baba Mkubwa (Tanga): Assalaam alaykum ndugu zangu. Nawakumbusha kwamba kikao chetu cha maandalizi ya arusi kitafanyika leo saa 3:30 usiku, baada ya tarawehe, kama tulivyokubaliana tangu mwezi uliopita. Ajenda ni ukumbi, hesabu ya michango, na mavazi ya wasindikizaji. Walioko nje ya nchi wanajua saa zao.

Salma (Minneapolis): Wa alaykum salaam, na shikamoo Baba Mkubwa. Kwa masikitiko naomba kikao kirudishwe nyuma kwa saa moja, kiwe saa 2:30 usiku za Tanga. Hadi Jumapili iliyopita saa 3:30 usiku zenu zilikuwa saa 6:30 mchana kwetu, lakini kuanzia alfajiri ya leo zimekuwa saa 7:30, na mimi saa 7:45 sharti niwe barabarani kuwapeleka watoto madrasa, ambayo huanza saa 8 kamili na haimsubiri mtu.

Baba Mkubwa (Tanga): Marahaba mwanangu. Sasa nifahamishe vizuri, maana sisi huku hatukugusa saa yoyote. Nani ameisogeza?

Salma (Minneapolis): Serikali ya huku, Baba Mkubwa. Kila mwaka, Jumapili ya pili ya Machi, ikifika saa 8 usiku saa zote zinarushwa hadi saa 9, na Jumapili ya kwanza ya Novemba zinarudishwa. Sheria iliyopanga tarehe hizo ilipitishwa mwaka 2005 na ikaanza kutumika mwaka 2007; kabla ya hapo walikuwa wakisogeza mwezi Aprili.

Shangazi Zuhura (London): Nami niwatahadharishe kwamba Uingereza bado haijasogeza. Sisi, pamoja na nchi za Ulaya, tunasubiri Jumapili ya mwisho ya Machi, yaani tarehe 30. Kwa hiyo kwa wiki tatu hizi tofauti ya Salma na Tanga imebadilika, ila yangu iko palepale, na mtu akipanga jambo kwa mazoea atapotea. Pia sikubaliani na saa 2:30. Hiyo kwangu ni saa 11:30 jioni, nusu saa tu kabla ya kufuturu, wakati nimesimama juu ya karai la kaimati.

Baba Mkubwa (Tanga): Na kwetu saa 2:30 imamu hajafika hata nusu ya tarawehe. Siwezi kuwatoa watu msikitini kwa sababu Marekani wamezungusha mshale.

Fatma (Mombasa): Samahani wakubwa zangu, naomba kuuliza. Da Salma, ina maana leo mnafunga kwa saa moja zaidi kuliko jana? Nimeona umeandika kwenye hali yako kwamba futari ya leo ni saa 1 na dakika zake, ilhali jana ilikuwa saa 12 na dakika zake.

Salma (Minneapolis): La, mdogo wangu. Jua halikusogea, na imsaki, yaani wakati wa kuacha kula kabla ya alfajiri, nayo imesogea kwa saa ileile moja, kwa hiyo urefu wa saumu umeongezeka kwa dakika chache tu kama unavyoongezeka kila siku msimu huu. Lakini tumbo halisomi kalenda ya msikiti. Kwenye karatasi ya nyakati za sala tuliyoibandika mlangoni mwa friji, mstari wa tarehe 8 na ule wa tarehe 9 umeachana kwa saa nzima, na mwanangu mdogo ameusoma mara tatu akidhani ni kosa la mpiga chapa.

Kinachonichosha hasa si futari, ni zamu ya usiku. Kama mnavyojua, ninafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na jana niliingia saa 5 usiku ili nitoke saa 1 asubuhi. Yuko mzee mmoja asiyeweza kujigeuza kitandani, ambaye lazima tumgeuze kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda, na kila tukimgeuza tunajaza fomu. Nilimgeuza saa 6 usiku. Zamu iliyofuata ya kumgeuza ilikuwa saa 8, lakini saa 8 usiku wa jana haikuwepo: kompyuta ilitoka saa 7 na dakika 59 ikaruka hadi saa 9 kamili, wakati saa ya ukutani ya ukumbini ilikuwa bado inasema saa 8. Nikamgeuza kwa wakati, na fomu ikaonyesha kwamba amelala upande mmoja kwa saa tatu. Asubuhi msimamizi aliyepokea zamu akataka maelezo, na ikanibidi niandike pembeni kwa kalamu kwamba saa moja iliondolewa kwa sheria, si kwa uzembe wangu. Kisha ukija mshahara, nitalipwa saa saba badala ya nane, kwa kuwa nimefanya kazi saa saba.

Ami Seif (Maskati): Pole sana, bintiye kaka. Na mwezi Novemba inakuwaje?

Salma (Minneapolis): Novemba ni kinyume chake, Ami. Usiku unakuwa na saa 7 mara mbili, zamu inakuwa ya saa tisa, na malipo ni ya saa tisa. Ila ukiandika kwenye fomu kwamba dawa ilitolewa saa 7 na nusu, sharti ueleze ni saa 7 na nusu ya kwanza au ya pili.

Fatma (Mombasa): Lakini faida yake ni nini hasa?

Shangazi Zuhura (London): Mwingereza mmoja aitwaye William Willett alichapisha kijitabu mwaka 1907 akilalamika kwamba wakati wa kiangazi watu wanalala huku jua limeshapanda, kisha jioni wanawasha taa. Alifariki mwaka 1915 kabla ya kuona wazo lake likitekelezwa. Mwaka uliofuata, katikati ya vita, Ujerumani ikatangulia kusogeza saa ili kuokoa makaa ya mawe, na Uingereza ikafuata baada ya wiki chache. Vita vilikwisha, ila saa zimebaki zikizungushwa hadi leo.

Baba Mkubwa (Tanga): Yaani tunasumbuliwa na vita vya Mjerumani hadi kwenye arusi ya mjukuu.

Ami Seif (Maskati): Tuwe waadilifu kidogo. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta jambo hili haliingii akilini kwa sababu Tanga mchana wa Juni na mchana wa Desemba haupishani hata kwa saa moja. Jua linachomoza karibu na saa 12 mwaka mzima na hakuna cha kuokoa. Anakoishi Salma, mchana wa Juni huzidi saa 15 na wa Desemba haufiki saa 9. Mtu wa huko ana sababu ya kuufikiria mwanga. Ninachokipinga ni kulazimisha kila mtu ashike saa na kuibadilisha mara mbili kwa mwaka. Hapa Omani hatufanyi hivyo, na biashara zinaendelea. Wamorocco nao wana mtindo wao: wametangulia kwa saa moja mwaka mzima, ila Ramadhani ikikaribia wanairudisha saa nyuma, na ikiisha wanaisogeza tena.

Fatma (Mombasa): Basi kwa nini Marekani wasiache kabisa?

Ami Seif (Maskati): Walijaribu kuacha, ila kwa upande usiofaa. Mwezi Januari 1974, wakati wa uhaba wa mafuta, walisogeza saa mbele wakakusudia zibaki hivyo mwaka mzima. Watoto wakawa wanakwenda shule gizani, wazazi wakaja juu, na kabla mwaka haujaisha mpango ukavunjwa. Halafu mwezi Machi 2022 Baraza la Seneti lilipitisha muswada wa kuzibakisha mbele moja kwa moja, lakini Baraza la Wawakilishi halikuupitisha. Ulaya ni hivyohivyo: Bunge lao lilipiga kura mwaka 2019 kwamba zoezi hili likome, na serikali za nchi wanachama hazijakubaliana zibaki na saa ipi.

Salma (Minneapolis): Ami umesema kweli kuhusu upande. Mimi ningependa zibaki za majira ya baridi, kwa sababu zikibaki mbele, mwishoni mwa Desemba jua huku litachomoza karibu na saa 3 asubuhi, na watoto watasubiri basi la shule kwenye theluji na giza. Jimbo la Arizona, isipokuwa eneo la Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, halisogezi saa kabisa, na Hawaii vilevile. Mume wangu husema tuhamie Arizona kwa sababu hiyo peke yake. Mimi namwambia kwamba joto la Tanga lilinitosha.

Baba Mkubwa (Tanga): Turudi kwenye kikao, maana futari inakaribia na nimeshatumwa barafu. Nionavyo mimi, saa ya kikao ibaki saa ya Tanga, kwa sababu ni hiyo peke yake pamoja na ya Maskati ambayo haitembei, na kila mtu aigeuze kwa kadiri ya anakoishi. Kuhusu Salma, leo na Jumapili mbili zijazo tutaanza na hesabu ya michango ya Marekani, atoe taarifa yake ndani ya dakika kumi, kisha aende zake madrasa. Ukumbi na mavazi tutaendelea sisi.

Salma (Minneapolis): Nimekubali, Baba Mkubwa, na ninashukuru. Naomba tu Shangazi asichelewe kuingia, maana risiti za London anazo yeye.

Shangazi Zuhura (London): Leo nitawahi. Jumapili ya tarehe 23 magharibi itaingia saa 12 na dakika 18 hivi, na kikao ni saa 12:30, kwa hiyo mtanistahimili nikisoma hesabu huku nikimalizia tende.

Ami Seif (Maskati): Nina pendekezo la baada ya Idi. Tarawehe zikiisha, Tanga haitakuwa na kizuizi tena, na London watakuwa wameshasogeza. Kikao kikiwa saa 2:30 usiku za Tanga, kwa Zuhura kitakuwa saa 12:30 jioni kama sasa, kwa Salma saa 6:30 mchana kama zamani, na kwangu saa 3:30 usiku, ambayo kwa umri wangu ni nafuu kuliko saa 4:30.

Baba Mkubwa (Tanga): Limepita. Fatma, liandike kwenye maelezo ya kikundi: hadi Idi saa 3:30 usiku, baada ya Idi saa 2:30 usiku, zote za Tanga.

Fatma (Mombasa): Nimeshaandika, Baba Mkubwa. Je, kwenye kadi za mwaliko tuweke saa za London na za Marekani kwa ajili ya watakaofuatilia kwa video?

Baba Mkubwa (Tanga): Kadi iandikwe saa moja tu. Nikaha ni Jumamosi tarehe 19 Aprili, saa 10 jioni, Tanga.

Shangazi Zuhura (London): Kwangu itakuwa saa 8 mchana, na si saa 7 kama nilivyokuwa nimewaambia wenzangu wa msikitini mwezi Februari. Itabidi niwapigie simu mmoja mmoja.

Salma (Minneapolis): Na kwangu itakuwa saa 2 asubuhi. Wasingesogeza saa ingekuwa saa 1 kamili, dakika ileile ninayotoka kwenye zamu ya Ijumaa, na nikaha ningeisikiliza nikiwa kwenye maegesho ya magari. Kwa hilo moja nawasamehe. Fatma, nitumie kiungo cha video Alhamisi ili nikijaribu mapema.