Mbeya kwenda Dar: basi, ndege au TAZARA?

Nzovwe_Juu: Wakuu habari za jioni. Kuna safari ya Mbeya–Dar, nimechanganyikiwa kati ya basi, ndege na treni ya TAZARA. Kipi bora? Wiki hii lazima nikate tiketi.

KondaMstaafu: Bora kwa nani sasa? Mko wangapi, mna mizigo gani, mnafikia wapi Dar? Funguka mkuu.

DadaUyole: Panda ndege. Unatoka uwanja wa ndege wa Songwe asubuhi, mchana ushakula Dar. Kata mapema tu, ukingoja siku mbili kabla utalia na bei.

MzeeWaIyunga: Vijana mnakimbilia juu juu. TAZARA ndio safari. Daraja la kwanza mnalala wanne chumba kimoja, na ukitoka Makambako kuteremka Mlimba ni mahandaki na madaraja mpaka unachoka kuchungulia. Ile ni kazi ya Nyerere na Kaunda na Mchina.

Chapati_Moja: Mzee shikamoo, ila saa ya kutoka iko kwenye tiketi, ya kufika anajua Mungu. Na aulizie stesheni kwanza kama wiki hiyo inatembea. Kwa nini wasiiunganishe tu na SGR, ile treni mpya ya umeme, tujue moja?

MzeeWaIyunga: Marahaba. Inaunganishwaje? TAZARA upana wa reli ni milimita 1,067, SGR 1,435. Behewa litaning'inia?

Chapati_Moja: Si wanahamisha watu mzee, nani kasema mabehewa.

Nzovwe_Juu: Samahani wakuu, nampeleka mama MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, goti linamsumbua, kukaa muda mrefu hawezi. Na ana gunia la mchele la shangazi yangu, hataki kuliacha.

KondaMstaafu: Si ungesema mapema!! Watu washajenga reli huku.

MamaWawili_Iringa: Mdogo wangu, basi na goti usijaribu. Mimi nilitoka na mama mkwe, jina la basi sitaji, tumefika katikati ya mbuga ya Mikumi gari likazima, jua linazama. Kushuka hairuhusiwi, wanyama wako pale pale, tunawaona tembo kwa mbali wanakula zao. Fundi kalala chini ya gari, konda kamsimamia na tochi ya simu, kila akisikia majani yanacheza anapiga mguu kwenye ngazi. Sasa watu tangu Ruaha Mbuyuni hawajachimba dawa, watoto wanalia, mama mkwe miguu imevimba hadi viatu havitoki, na yule mpigadebe aliyetuuzia tiketi alisema "luxury, choo ndani". Choo kipo kweli, kimefungwa kufuli, ndani wamejaza maboksi ya nyanya. Tumeingia stendi ya Mbezi, Dar, usiku mnene, mama mkwe akashushwa amebebwa mgongoni. Mpaka leo tukipika nyanya ananiangalia.

DadaUyole: 😂😂 maboksi ya nyanya

KondaMstaafu: Pole dada, lakini sio mabasi yote. Kijana, gawanya safari. Basi hadi Morogoro, mlale, kesho SGR, tiketi ya kawaida Moro–Dar walianza na 13,000, haifiki masaa mawili, na inawashusha mjini, Upanga iliko Muhimbili ni pua na mdomo. Ukishukia stendi ya Mbezi bado una kazi ya kuvuka Kimara yote na mgonjwa.

DadaUyole: Mbeya–Moro si ndio hiyo hiyo milima ya Kitonga na Mikumi? Goti linapumzika wapi? Ndege, na ukikata tiketi uombe kiti cha magurudumu kabisa, wanamsukuma mpaka mlangoni. Mchele tuma kwa basi, upewe risiti, mtu aupokee Mbezi.

Nzovwe_Juu: Mama kasema mchele ukitangulia na yeye hapandi. Wa Kyela huu, anasema utachotwa njiani.

Chapati_Moja: Hapo namuelewa bi mkubwa. Ila kwenye ndege gunia na begi lenu zitazidi kilo wanazoruhusu bure, mtalilipia kuliko bei ya mchele wenyewe.

TundumaFinest: Kyela mnaisifia bure. Mchele ni wa Kamsamba.

MzeeWaIyunga: Kamsamba wa kulisha harusi, Kyela wa kula mwenye nyumba. Usitupotoshe.

TundumaFinest: Mzee, huo "Kyela" unaonunua soko la Mwanjelwa una uhakika umetoka Kyela? Nusu ya magunia yanapita hapa kwetu yakiwa na jina lingine.