Hilux Vigo inatetemeka kuanzia spidi 90: nianze na balansi, tairi mpya au propela?

MamaMahindi
Wakuu, habari za kazi. Nina Hilux Vigo ya 2010, dabo kebini, dizeli, gia za mkono, 4x4, nimeinunua mkononi mwa mtu. Mjini imetulia kabisa. Nikishaiacha Morogoro naelekea Dodoma, ikigusa 90 usukani unaanza kucheza na kiti nacho kinatetemeka. Nikifika 110 inapungua kidogo.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Mmoja anasema balansi tu, yaani kusawazisha uzito wa magurudumu. Wa pili anasema tairi zimepitwa na wakati, ninunue nne mpya. Wa tatu anataka ashushe propela (shafti ndefu ya chini inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma) ipelekwe kubalansiwa, abadilishe na krosi zote (maungio yake yanayojikunja) pamoja na senta beringi (beringi inayoishika katikati). Bei zao zinapishana mno. Kipi kinatangulia? Gari hili linabeba magunia, sitaki kubahatisha.

FundiWaChini
Dada, pole. Kabla hujatoa hata senti, kuna vipimo vya bure. Mtetemo unaokaa zaidi kwenye usukani mara nyingi unatoka mbele. Ukikaa kwenye kiti na sakafu, tazama nyuma au chini katikati. Wewe unao wote, kwa hiyo huenda una magonjwa mawili.

Tafuta sehemu iliyonyooka, lami nzuri, hakuna gari nyuma yako. Fika kwenye spidi inayotetemeka, kisha weka nyutro uache gari litembee lenyewe. USIZIME injini, usukani utakuwa mzito, na breki zitakosa msaada. Mtetemo ukikata palepale, tatizo liko upande wa injini, maunti zake (vishikizo vyake vya mpira) au klachi. Ukiendelea vilevile, ni kitu kinachozunguka kwa kufuata mwendo wa gari: tairi, rimu, habu (kitovu cha gurudumu), diski au propela.

Halafu sikiliza aina ya mtetemo wenyewe. Kwenye 100, tairi la 265/65R17 linazunguka kama mara 11 kwa sekunde. Propela, kwa sababu ya uwiano wa difu (gia za ekseli ya nyuma), inapita mara 40. Kwa hiyo tairi linapiga kwa mapigo mazito unayoweza karibu kuyahesabu, propela inavuma. Usukani unaocheza kwa macho si kazi ya propela.

Segera_Chalinze
Mkuu, hapo kwenye propela natofautiana nawe kidogo. Vigo nyingi za mizigo zimeongezewa majani ya springi ili zisikae chini. Nyuma ikipanda, pembe ya krosi inabadilika, na senta beringi inapata shida. Mimi nabeba nondo na saruji, na nimeona gari likibadilishwa tairi zote huku shida ikibaki palepale. Ningeanzia chini ya gari.

FundiWaChini
Segera, hiyo ipo, siikatai. Ila yenye shida ya pembe au senta beringi mara nyingi hujionyesha mapema: inatikisika ukiwa unaondoka na mzigo, kati ya 15 na 40. Dada anasema mjini imetulia. Kuchungulia chini ni bure, achungulie. Kushusha propela ndiko ningekuweka mwisho.

DukaLaTairi
Naongea upande wangu. Watu wanadhani mashine ya balansi ikiandika sifuri basi tairi ni zima. Mashine inapima uzito tu. Tairi lililoharibika umbo, mkanda wa waya umeachia kwa ndani, linaweza kusoma sifuri na bado likakutetemesha barabarani.

Nyanyua gurudumu kwa jeki, chukua kipande cha waya mgumu, kisimamishe juu ya tofali ncha ikaribie kabisa sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Zungusha kwa mkono polepole, tazama nafasi kati ya ncha na mpira. Ikipanuka na kubana zaidi ya milimita moja na nusu hivi, balansi haitakusaidia. Fanya hivyohivyo kwenye ukingo wa rimu ujue kama rimu ndiyo imepinda. Kisha pitisha kiganja: ukikuta nundu, au vilima na mabonde yanayofuatana, la kwanza ni tairi kuachia, la pili mara nyingi ni shokapu zilizokufa.

Tazama pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Na osha ndani ya rimu! Tope likikauka upande mmoja, hakuna balansi itakayokaa.

Jambo jingine: rimu zako ni za kampuni? Kitovu cha Hilux ni kama milimita 106. Rimu nyingi za kununua zina tundu kubwa zaidi, na zisipofungwa kwa kufuata msalaba, polepole, gurudumu linakaa pembeni kidogo. Rimu za aloi za Toyota zina nati zake zenye washa bapa. Ukifunga nati za rimu ya chuma, hazikai.

MamaMahindi
Asanteni sana wakuu. Nimerudi na majibu. Nyutro: mtetemo uliendelea vilevile, kwa hiyo injini siyo tatizo. Nikahamisha magurudumu ya mbele kwenda nyuma. Usukani ukatulia, kiti kikazidi! Tukaweka jeki na waya kama alivyosema DukaLaTairi. Lile lililokuwa mbele kulia lina nundu upande wa ndani, huwezi kuiona umesimama. Nikafunga la akiba mahali pake, nikabalansi yote, mtetemo mkubwa umekwisha.

Lakini sasa nasikia mvumo mwembamba chini ya miguu kwenye 80, hasa nikiachia mafuta. Nikikanyaga unapungua. Na nikitoka gia ya mbele kwenda rivasi kuna "tik".

Segera_Chalinze
Dada, hiyo ni krosi. Chungulia kwenye vikombe vyake: ukiona unga mwekundu kama kutu umejipaka pembeni, grisi imekwisha na sindano za ndani zinasagika. Shika propela kwa mikono miwili uizungushe huku na huku, gari likiwa limewekewa vizuizi. Krosi nzima haina mchezo wowote.

FundiWaChini
Nakubaliana na Segera. Badilisha krosi iliyokufa, si lazima zote, na senta beringi uitazame mpira wake kama umechanika. Lakini mwambie fundi achore alama ya rangi kwenye flanji (bapa zinazofungwa boliti) na kwenye maungio ya propela KABLA hajafungua boliti hata moja. Propela ya vipande viwili ikirudishwa imegeuka, uma za krosi hazitazamani tena, na utapata mtetemo mpya ambao hukuwa nao. Hapo ndipo watu wanaanza kulipia kubalansi propela ambayo haikuwa na kosa. Krosi mpya ikiingia, pigwe grisi mpaka itoke pande zote nne.

Kijana_4x4
Samahani wakuu, nadandia hapa. Yangu inatetemeka nikikanyaga breki tu kwenye spidi kubwa. Bila breki shwari.

FundiWaChini
Kijana, hizo ni diski za mbele, unene wake haulingani. Usizichonge kabla ya kupima: kila diski ina unene wa chini umeandikwa kwenye chuma chenyewe. Ikishakaribia hapo, nunua mpya. Na kabla ya kufunga, safisha kutu kwenye uso wa habu.

DukaLaTairi
Na dada, hilo tairi lenye nundu usilirudishe hata kama akiba. Linaweza kupasuka ukiwa na magunia. La kuziba nafasi yake tafuta la saizi ileile na hali inayokaribiana na mwenzake, na ukishatembea kama kilomita 100 rudia kukaza nati zote.