Koo linawaka, madoa mapajani: nipunguze azathioprini?

Mtoa mada: Wakuu, nina vidonda vya utumbo mpana. Natumia azathioprini, dawa ya kushusha kinga ya mwili, miligramu 150 kwa siku, uzito kilo 68, mwezi wa nane huu. Kuhara damu kumekata. Ila wiki hii koo linawaka, fizi zinavuja damu nikipiga mswaki, na mapajani kuna vidoa vyekundu kama ncha ya sindano. Nipunguze dozi?

Mama Mtori: Pole mwanangu. Acha pilipili na maziwa, kula mtori. Vijana hamtaki kujitunza.

Zamu ya Usiku: Mtori hauondoi vidoa hivyo. Mkuu, ulipima picha nzima ya damu lini? Umeongeza dawa gani?

Mtoa mada: Mwezi uliopita, safi. Hakuna dawa nyingine ya maana.

Zamu ya Usiku: Taja na zisizo na maana.

Mtoa mada: Alopurinoli 300 ya gauti, wiki ya nne, nilinunua duka la dawa. Hiyo ni ya kidole cha mguu, haigusi tumbo. Majibu ya leo: chembe nyeupe 1.9, neutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na bakteria) 0.7, chembe sahani (za kugandisha damu) 41. Nimeshashusha azathioprini hadi 75 na nimenunua Septrini ya koo. Nikiacha kabisa, utumbo utaanza upya.

Mchunguzi: Chai hii. Mwezi uliopita safi, leo 0.7, na bado ana nguvu za kuandika?

Maabara: Inatokea, na wengi huja wakitembea. Alopurinoli hufunga kimeng'enya kinachovunja azathioprini, sumu inalundikana kwenye uboho. Wanaopewa zote mbili kwa makusudi hushushiwa azathioprini hadi robo au theluthi, damu ikifuatiliwa kwa karibu. Wewe umefika nusu tu, na kwa 0.7 hata robo humezi. Simamisha zote mbili. Septrini usiiguse, nayo hubana uboho.

Mchunguzi: Basi aseme kama ana homa.

Mtoa mada: 38.4, kabla ya panadoli.

Zamu ya Usiku: Panadoli itaificha tu. Nenda dharura sasa hivi, mapokezi sema: "Neutrofili 0.7, nina homa, natumia azathioprini." Wachukue damu ya kuotesha bakteria maabara, kisha antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja. Sindano ya takoni kataa, diklofenaki ya gauti pia. Kwa chembe sahani 41 utavuja damu. Utumbo hauwaki usiku mmoja: mazao ya azathioprini yanayofanya kazi ndani ya chembe hutoka mwilini taratibu, kwa wiki. Kwa sababu hiyohiyo hesabu inaweza kuendelea kushuka hata ukiacha leo, kwa hiyo waombe warudie kipimo kesho asubuhi.

Mama Mtori: Beba na maboksi ya dawa, mwanangu, yote matatu.