Gemu ya laki na themanini, wiki haijaisha imeshanichosha. Hapa tunachezewa sisi!

Wakuu, salamu tutapeana baadaye. Leo nina hasira.

Kila mtu akileta mada kwamba amenunua gemu mpya na hamu imemwisha kabla ya wiki, majibu ni yaleyale: umezeeka mkuu, oa, tafuta kazi. Kazi ninayo, ndiyo inayolipia hizo gemu. Na uzee si sababu, maana mtu akinitumia mwaliko wa mechi ya mpira saa sita usiku naruka kitandani. Kinachofanyika ni kwamba tunauziwa hamu. Ukishalipa, hamu inabaki dukani, wewe unaondoka na CD.

Hii ya mwisho niliyonunua jina lake silitaji, mashabiki wake wana matusi. Laki na themanini, Kariakoo, muuzaji kagoma kupunguza hata buku, anasema hii ndiyo habari ya mjini. Nikaiweka usiku huohuo. Inajipakia. Halafu apdeti. Bando linakata katikati, unaunga jingine. Inafunguka: kubali masharti, fungua akaunti ya kampuni, kubali masharti tena. Kisha mzee mmoja anaanza kunihadithia jinsi ufalme ulivyoanguka, na mimi kazi yangu ni kubonyeza X ili aendelee. Akimaliza, nafundishwa kutembea. Kutembea! Mtu nimeshika pedi tangu enzi za PlayStation ya kwanza, leo naelekezwa kijiti cha kushoto kinafanya nini. Ile raha ya kwenye trela haijatokea, na kesho ni kazini.

Usiku uliofuata wakanifungulia ramani. Alama kila kona, utadhani imemwagiwa mtama. Kusanya manyoya, fungua sanduku, safisha kambi. Kambi ya kwanza tamu. Ya pili si mbaya. Ya tano ni ileile, wamebadilisha rangi ya mahema tu. Hapo ndipo nikajikuta nimeshika simu, naangalia klipu za gemu nyingine ambayo haijatoka.

Na hapo kwenye gemu ambayo haijatoka ndiyo kiini cha mambo. Mtafiti wa ubongo anaitwa Wolfram Schultz alifanya majaribio na nyani. Mwanzoni seli zao za dopamini, ile kemikali ya ubongo inayohusika na hamu, zilikuwa zinachachamaa wakipewa juisi. Walipozoea kwamba kuna ishara inatangulia juisi, seli zikawa zinachachamaa kwenye ishara, juisi yenyewe ikifika zimetulia kama hakuna kilichotokea. Mwingine, Kent Berridge, ameonyesha kwamba kutamani kitu na kukifurahia ni mitambo miwili tofauti kichwani. Sasa ukiwa mfanyabiashara, utahangaika na mtambo upi? Gemu ya Cyberpunk 2077 ilitangazwa 2012, ikatoka Desemba 2020. Miaka minane watu wanakula trela! Ilipofika ikawa mbovu kwenye PS4 kiasi kwamba Sony, wenye PlayStation, waliiondoa kwenye duka lao ndani ya wiki mbili, ikarudi Juni 2021. Baadaye ilirekebishwa na leo ni gemu nzuri, sibishi. Lakini aliyelipa siku ya kwanza ndiye aliyekula kinyaa, aliyesubiri ndiye aliyekula gemu.

Mtaniambia uchovu ni bahati mbaya tu. Haya. Mwaka 2018 kampuni ya Ubisoft walitoa Assassin's Creed Odyssey, gemu ndefu ya kukatisha tamaa, halafu ndani yake wakaweka kitu cha kununua kwa pesa halisi kinachokuongezea pointi za uzoefu kwa asilimia 50 ili upande levo haraka. Umeshatoa dola 60, unatolewa nyingine kumi hivi ili ucheze kidogo kile ulichonunua! Nionyesheni mgahawa unaokutoza ili usimalize sahani. Na wanajua wanachofanya, kwa sababu Assassin's Creed Mirage ya 2023 waliifupisha makusudi na kuiuza dola 50 wakati wenzao wanauza 70.

Wapenzi wa mpira msicheke, na nyie mmo. Kila Septemba kampuni ya EA wanaleta gemu ileile ya mpira, jezi mpya, na kikosi chako cha Ultimate Team, kile unachojenga kwa kufungua pakiti za wachezaji, kinaanza sifuri. Ubelgiji mwaka 2018 walisema wazi kwamba maboksi ya bahati nasibu kwenye gemu ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza kule FIFA Points, zile pointi za kununulia pakiti. Huku kwetu tunafungua pakiti tu.

Sasa jiulizeni kwa nini banda la gemu halikuwahi kutuchosha. PS2 imechoka, pedi moja kitufe kimezama, televisheni ya chogo, na tulikuwa tayari kukosa chakula cha mchana ili hela itoshe mechi moja. Aliyefungwa anapisha. Nyuma yako wamejaa washauri ambao hawajalipa hata senti. Unachagua Inter kwenye PES 6, gemu ya mpira ya enzi hizo, kwa sababu ya mguu wa kushoto wa Adriano na hakuna sababu nyingine (aliyewahi kudakia lile shuti atoe ushahidi). Gemu ilikuwa ileile mwaka mzima! Ila ulilipia kucheza, hukulipia kumiliki. Ukikaa kwenye kile kibenchi umekuja kufanya jambo moja, na mwenye banda anaangalia saa. Leo nina gemu nyingi kwenye akaunti ambazo sijawahi kuzifungua, nyingine za bure za duka la mtandaoni la Epic, nyingine za usajili wa kila mwezi, na nikiwasha mashine nazungukazunguka kwenye orodha mpaka usingizi unanishika. Nyingi hivyo, na hakuna hata moja inayoniita.

Kuna wa "rudisha upewe hela yako". Nani kakudanganya? Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kweli wanarudisha: ndani ya siku 14 tangu ununue na usiwe umecheza zaidi ya saa mbili. Saa mbili! Gemu za siku hizi saa mbili bado yule mzee anahadithia ufalme. Red Dead Redemption 2 yenyewe, ambayo mimi naipa heshima zote, saa za mwanzo unaburuta farasi kwenye theluji. Duka la PlayStation ndiyo usiseme: ukishaanza kuishusha gemu, haki ya kubadili mawazo imekwisha, labda iwe mbovu. Nitajuaje inachosha kabla ya kuishusha? Na sisi Tanzania hilo duka halitutambui, tunaishi na akaunti za Marekani na kadi za kununua kwa bei ya kuruka. Ukilalamika, unalalamika ukiwa Mmarekani wa Mbagala.

Kwa hiyo mimi nimeweka msimamo wangu, anayetaka achukue. Gemu ya siku ya kwanza sinunui tena. Miezi sita ikipita bei inashuka, kasoro zimezibwa, na kelele zimeisha, kwa hiyo ukiitaka bado ujue unaitaka kweli. Trela siangalii. Natafuta mtu anayecheza tu bila mbwembwe, katikati ya gemu, akiwa ameshacheza saa kumi na zaidi, kwa sababu huko ndiko nitakakokuwa naishi. Kwenye mashine inabaki gemu moja ya stori na moja ya mpira, nyingine zote nafuta. Na ukiwa na PS4 ya GB 500 huna ujanja hata hivyo, gemu ya vita ya Call of Duty ya 2019 pamoja na sehemu yake ya mtandaoni ya Warzone ilifika mahali inakula zaidi ya GB 200 peke yake.

Ukicheza, zima alama za ramani kama mipangilio inaruhusu, shusha ugumu bila aibu, fuata misheni za stori, hizo kazi za pembeni za kuokota manyoya achana nazo. Hakuna atakayekuja kukagua trofi zako, zile tuzo gemu inazokupa kwa kila hatua. Tena fungueni orodha ya trofi ya gemu yoyote ndefu, mtazame asilimia ya waliofika mwisho. Dunia nzima imekwama njiani na sisi, ila watu wanajikausha.

Na nunueni CD. Ya kushusha ikikuchosha umezikwa nayo, CD unabadilishana na mtu kwa kuongeza kidogo. Ndiyo maana sipendi huko tunakopelekwa, PS5 Pro ya Novemba 2024 inakuja haina hata sehemu ya kuingiza CD, unainunua pembeni.

Kabla hamjaanza: simlaumu anayefurahia saa mia moja za kuokota maua. Cheza mkuu, pesa yako. Hoja yangu ni kwa sisi tunaotoa hela ya kodi halafu tunaambiwa tatizo ni umri wetu.

Wauzaji wa gemu mliomo humu, swali moja na mjibu, msipite kimya kimya. CD nimenunua kwako, haina mkwaruzo, risiti ninayo, wiki haijaisha. Nikikurudishia unaniambia elfu sitini, kesho yake unaiweka kwenye kioo kwa laki na hamsini. Hiyo tisini ni ya nini?