Naomba ushauri: Python haioni moduli iliyo kwenye folda jirani
Wakuu, ninaandika programu ya hesabu za duka la vipuri hapa Kariakoo, yenye folda mbili, zana na ripoti. Nikiwa kwenye folda kuu nikiandika python ripoti/mwezi.py, faili linaloita moduli (msimbo) za folda ya zana, inagoma na kusema No module named 'zana', kwa kuwa, nilivyoelewa, sys.path (orodha ya folda ambamo Python hutafuta moduli) huanza na folda lilimo faili linaloendeshwa, si folda niliyopo mimi. Nikitumia python -m ripoti.mwezi inakubali, ila kompyuta ya dukani huliendesha faili moja kwa moja kila jioni. Kubandika sys.path.append juu ya kila faili naona ni kufunika kidonda bila kukitibu. Je, niweke PYTHONPATH (mpangilio wa kompyuta unaoiongezea Python folda za kutafuta) kwenye kompyuta hiyo, au niandike pyproject.toml (faili la maelezo ya mradi) kisha nisakinishe mradi kwa pip install -e? Naomba mwenye uzoefu anielekeze.